Siku Nilipopimwa kwa Mizani ya Pareto

Watoto wa shule wakishapokea vijitabu vyangu vya habari za watu waliokwenda angani, huniuliza kama mimi mwenyewe ningekubali kupanda roketi. Huwajibu kwamba sipandi hata ngazi ya kuezekea jiko. Wao hucheka, na walimu wao hucheka zaidi, wakidhani ni mzaha wa kizee. Si mzaha hata kidogo. Nimeandika habari za waliozunguka dunia, waliotembea mwezini na waliokufa njiani. Nimezibeba kwenye mifuko, shule kwa shule, kuanzia Ilomba mpaka Iringa. Muda wote huo roketi naiogopa vilevile nilivyoiogopa nikiwa msichana wa darasa la tatu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, kabla mtu yeyote hajaenda huko. Wakati ule alikuwa amekwenda mbwa tu. Wa pili, kwa hesabu za nyumbani kwetu, nilikuwa mimi.

Tulikaa kilimani juu ya Uyole, mahali pa viazi na pareto, ambapo ukungu wa asubuhi ukishuka vizuri humwoni hata mbuzi uliyemfunga mwenyewe. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi mzaa baba, mama, na mimi. Baba alikuwa kusini, migodini. Alikwenda kabla sijang'oka meno ya utoto, na jinsi alivyokwenda niliijua kwa moyo, maana bibi aliisimulia mvua zilipoanza na mvua zilipokatika. Watu wa migodi walimpandisha kwenye mizani. Wakamgonga kifua, wakamtazama meno, wakampima tena. Wakampa blanketi. Kisha wakampeleka kiwanjani Mbeya pamoja na wenzake, wakampandisha ndege, na bibi akabaki chini anatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

Wenzake wa safari ile walirudi, mmoja na baiskeli, mwingine na gramafoni isiyo na sindano. Baba hakurudi. Tulipowauliza walisema walitenganishwa kulekule, hawakumwona tena. Bibi hakusema kwamba mwanawe amekufa, na ole wake aliyelisema neno hilo mbele yake. Alisema tu, “Walimpima, wakampa kitu, akapanda juu.”

Sasa sikia yaliyonipata.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kuharibu barabara alipokuja mgeni kutoka Iringa. Alikuwa mhariri wa gazeti la watoto lililochapwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji huko Mlandege, kijana wa Kihehe aliyezaliwa mjini na kukulia mjini, mwenye tai na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa kuandika gazeti, na likishachapwa kulizungusha mashuleni kwa gari na kuwafundisha watoto yaliyomo. Gari lenyewe lilikuwa na mgongo wa bati usio na dirisha. Siku zile habari za mumiani zilikuwa zimetujaa vichwani, za magari yanayochukua watu na kuwakamua damu, hivyo gari hilo lilipoingia uwanjani nusu ya shule ilikimbilia kwenye maharage. Mwalimu mkuu alipiga filimbi mpaka macho yakamtoka ndipo tukarudi. Mimi nilirudi wa mwisho.

Yule kijana alijua kusema. Alituambia kwamba Warusi wametupa mpira wa chuma juu sana, ukapita mawingu, ukapita mahali ambapo hata hewa inakwisha, na haukuanguka bali unazunguka dunia. Kisha wametupa mwingine, na ndani yake wamemtia mbwa. Alituchorea ubaoni. Mbwa alikuwa na masikio yaliyolala kidogo, anachungulia dirishani. Tulipiga kelele za furaha, maana mbwa tuliowajua sisi kazi yao ilikuwa kupigwa mawe na kuiba mayai. Hakuna aliyeuliza kama mbwa yule atarudi. Tuliona ni jambo lililo wazi, mgeni akienda hurudi kwao.

“Leo mbwa,” alisema, “kesho mtu. Ninyi mtaishi mtamwona huyo mtu. Lakini kurusha kitu juu ni kazi ngumu, kila ratili ya uzito ina taabu yake. Je, wakitaka kupeleka mtu watamchukua mnene kama mwalimu mkuu?”

Tulicheka mpaka tukaogopa kucheka, kwa sababu ya mwalimu mkuu.

“La. Watatafuta mwepesi. Hebu tumtafute hapa.”

Mwalimu mkuu, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, akatuma iletwe ile mizani ya kuning'iniza waliyokuwa wakipimia pareto ya shamba la shule. Ikafungwa kwenye boriti ya darasa. Wakatutia guniani mmoja mmoja, miguu inaning'inia, gunia linawasha kwa vumbi la maua makavu, na mgeni anasoma mshale kwa sauti. Nilipotundikwa mimi mshale haukwenda popote pa maana. Nilikuwa mwembamba kama ufito wa ua.

“Huyu!” alisema. “Nimempata msafiri wangu!”

Darasa zima likanipigia makofi. Nikiwa bado naning'inia, nilifurahi. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Ndipo nilipokumbuka neno la bibi, “Walimpima,” nikaanza kupapatika nitoke guniani.

Hakuishia hapo. Alikuwa na sanduku la chai garini, la mbao nyembamba lenye karatasi ya fedha ndani, alilobebea magazeti. Akalimwaga, akaniingiza, akanikunja magoti mpaka kidevuni. Alisema chombo cha msafiri ni kidogo hivi. Kisha akafunika. Mle ndani mlikuwa giza linalonuka chai, na nilisikia watoto wote wakihesabu kurudi nyuma kama alivyowafundisha, kumi, tisa, nane, na walipofika mwisho wakalipiga sanduku kwa mateke na viganja ili lingurume. Nilijikojolea. Nasema wazi, maana katika vitabu vyangu vyote sijapata mahali pa kuliandika. Nililia pia, lakini ngurumo ile ilikuwa kubwa na hakuna aliyenisikia. Mfuniko ulipofunguliwa na yule kijana akasema, “Umefika!” nilichungulia kwanza nihakikishe kwamba boriti ni ileile ya darasa letu.

Alinichora haraka kwenye karatasi kwa penseli. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alitaka kwenda kuwasalimu wazazi wa msafiri wake.

Gazeti lile lilikuwa na desturi ya kutoa zawadi kwa watoto wa mashuleni, na zawadi zake zilikuwa vifaa vya kilimo, kwa sababu kila shule ilikuwa na shamba. Kwa hiyo alipofika nyumbani, mama akiwa peke yake na bibi yuko bondeni, mgeni alimwamkia vizuri na kumpa jembe jipya la dukani, bado lina mafuta, kwa mikono miwili. Akasema nimefanya vizuri sana. Akasema mwezi wa kwanza atarudi anichukue, tukazunguke shule za Iringa ili watoto wa huko nao wanione. Mama yangu alilelewa kwamba kitu cha mgeni hakikataliwi. Alipiga goti, akapokea.

Kwa watu wa mjini jembe ni jembe tu. Kwetu kilimani, siku zile, mwanamume mgeni akija nyumbani kwa watu kwa ajili ya binti yao, akaacha jembe, likapokelewa, basi ameomba na amekubaliwa. Kinachobaki ni kuja kuchukua. Umri haukuwa hoja, msichana aliweza kuwekewa jembe akiwa bado ananyonya. Mama alijua hivyo, lakini alijidanganya kwamba haya ni mambo ya shule, na mambo ya shule yana desturi zake. Tena jembe lilikuwa kali. Mchana uleule alilitia mpini, akapalilia viazi tuta baada ya tuta.

Bibi alirudi akalikuta limeegemea ukuta, lina udongo.

“Nani ameleta jembe hili?”

Mama akaeleza. Alipofika kwenye mizani, bibi aliketi chini palepale mlangoni.

“Wamempima?”

“Ni kwa mchezo, mama. Ni masomo.”

“Wamempima, wamempa jembe, na wamesema watampeleka juu.”

“Si yeye. Wamesema mtu.”

“Huyu si mtu?”

Nami niliyekuwa nyuma ya mlango niliona kwamba bibi amepiga hesabu sawasawa, kwa sababu ndiyo hesabu niliyokuwa nimeipiga mimi.

Siku zilizofuata niliishi kwa hofu ambayo sijaiona tena, na nimeona mengi. Niliona dawa yangu ni kuwa mzito. Nilikula viazi mpaka nikatapika, nikala tena. Nilikwenda shule na mawe mifukoni. Nikiwa nje sikutazama juu, na nikilazimika kutazama nilishika kitu kwanza, mti au nguzo, nisije nikanyakuliwa. Gari lolote likinguruma chini barabarani, nililala kifudifudi kwenye pareto. Wenzangu waliniita Msafiri na kunipigia hesabu ya kurudi nyuma kila nilipopita. Watoto hawana huruma, msidanganywe.

Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kututuliza. “Bibi,” alisema, “tuzungumze kama watu wazima. Hakuna mtu atakayerushwa angani kutoka Uyole.”

“Zamani,” bibi akamjibu, “nani alisema watu wataruka kutoka Mbeya?”

Mwalimu mkuu akanywa togwa yake, akaaga.

Jembe ambalo halijalima hurudishwa kwa kumtuma mtu, na maneno yakaisha. Lakini letu lilikuwa limelima. Jembe lililokwisha kulima hurudishwa na binti mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mzee wake, nyumbani kwa aliyelitoa, naye ni lazima atamke kwamba amelipokea. Asipotamka, bado binti ni wake. Mwezi wa kwanza ulikuwa unakaribia. Bibi akalitoa mpini lile jembe, akaliosha, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalifunga kwenye khanga yake. Hakuwa amepata kuvuka Chimala maisha yake yote. Asubuhi moja tukasimama barabarani Uyole, tukapanda basi la Iringa.

Sitasimulia njia. Ilikuwa matope, kushuka, kusukuma, kupanda. Bibi aliketi wima na jembe mapajani, hakula, na kila abiria aliyemuuliza aendako alimjibu, “Kurudisha.” Tulilala Makambako kwenye ukumbi wa kanisa, kesho yake tukafika. Iringa ilinitisha kwa majabali yake, yaliyokaa juu ya mji kama yamewekwa na mtu atakayeyasahau. Mlandege tulimuuliza Mhindi mwenye duka la nguo panapochapwa magazeti, naye akatoka na futi yake shingoni akatuonyesha uchochoro nyuma ya duka.

Nilisikia mashine kabla ya kuiona. Ilinguruma vilevile walivyolingurumisha sanduku. Nikakataa kuingia. Bibi akanivuta.

Ndani kulikuwa na kamba zimefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na kwenye kamba zimeanikwa karatasi zikauke wino. Katika kila karatasi nilikuwa mimi. Sikukosea, ule ulikuwa uso wangu, na kovu langu la kipajini, ndani ya mpira wenye dirisha, nimeketi na mbwa, na nyota zimetuzunguka. Chini yake, nilijua kusoma, waliandika: “Nani atafuata?” Nilikuwa nimeanikwa mstari baada ya mstari, karatasi zinapepea, na katika zote tayari nilikuwa nimekwishapelekwa juu. Nilipiga kelele hata fundi wa mashine akaisimamisha.

Mhariri akatokea kwa nyuma, mikono myeusi kwa wino. Alipotutambua akafurahi kweli.

“Kamwene! Karibuni! Msafiri wangu! Shikamoo, bibi. Mmetoka Mbeya mpaka huku?”

Bibi hakuitika shikamoo. Alifungua khanga, akanitia jembe mikononi, akanisukuma mbele. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na kigumu, lakini siku ile alikitoa chote.

“Jembe yako hii. Ilikuja kwangu mimi sipo. Mtoto anarudisha. Wewe sema umepokea.”

“Lakini bibi, hii ni zawadi.” Alicheka kidogo. “Ni zawadi ya gazeti. Mtoto amefanya vizuri, sisi tunampa.”

“Sema umepokea.”

“Bibi yangu, hakuna anayemchukua. Ni masomo haya. Ni picha tu.”

“Mtoto yangu hapana kwenda juu. Sema.”

Fundi wa mashine, mzee wa makamo kutoka huko vijijini Uhehe, alifuta mikono yake na kumsogelea mhariri. Alimnong'oneza, lakini nilisikia. Alimwambia, “Wewe uliacha jembe kwa watu wenye binti?” Kicheko cha yule kijana kikakatika. Nadhani ndipo alipoiona safari yake yote ile, shule kwa shule, na majembe aliyoyaacha nyuma yake.

Akataka kulipokea. Lakini bibi alinirudisha nyuma kwa bega.

“Ngoja. Kwanza jibu. Hiyo mbwa imerudi?”

Alitazama zile karatasi kwenye kamba.

“Hapana, bibi. Hakurudi.”

“Itarudi lini?”

“Hatarudi. Amekufa huko juu.”

“Njia imepotea?”

“Njia ya kurudi haikuwapo,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Walijua kutengeneza ya kwendea tu.”

“Walijua kabla ya kuipeleka?”

“Walijua.”

“Na wewe ulipowafundisha watoto, ulijua?”

“Nilijua, bibi. Niliona watahuzunika.”

Mpaka wakati ule, ndani ya hofu yangu yote, palikuwa na kipande kidogo kilichosema kwamba hata nikipelekwa nitarudi, nitakuwa nimekwenda tu, nitarudi na kitu, pengine na gramafoni. Nilianza kulia, na sikulia kwa ajili yangu. Nilimlilia yule mbwa aliyeketi kando yangu kwenye karatasi zote zile.

Mhariri akapiga magoti sakafuni, na tai yake na soksi zake, akakinga mikono miwili yenye wino. Nikamwekea jembe.

“Nimepokea,” alisema. “Mtoto ni wenu. Mwezi wa kwanza siji.”

“Sema tena.”

“Nimepokea, bibi. Mtoto ni wenu.”

Nilidhani tumemaliza. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mizani. Lakini bibi hakugeuka. Alisimama palepale, mzee mdogo mwenye matope mpaka magotini, akamsogelea yule kijana aliyekuwa bado amepiga magoti, na sauti aliyosema nayo sikuwa nimepata kuisikia kwake.

“Ninyi mnaandika. Habari ya mbali inakuja kwenu. Mwanangu walimpima Mbeya. Walimpa blanketi, wakampandisha ndege, kwenda kusini. Hao, walitengeneza ya kurudia?”

Yule kijana alikuwa na majibu ya nyota na ya hewa na ya uzito wa kila kitu. Alimtazama fundi, fundi akatazama mashine.

“Sijui, bibi,” alisema mwisho. “Kweli sijui.”

Bibi aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona hataweza. Akafunga khanga yake tupu kiunoni, akanishika. Hakunishika kiganja, alinishika kifundo cha mkono, vile mimi nilivyoshika nguzo nisinyakuliwe. Wiki zote zile nilikuwa nimejificha nyuma yake, nikiamini kwamba kilimani kwetu kuna mtu mmoja asiyeogopa. Tulitoka uchochoroni, tukalipita duka la nguo, tukaenda mpaka kituo cha basi, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yangu.

“Bibi, unaniumiza,” nilisema.

“Najua,” akasema, na akakaza.